Serikali za Mitaa Katika Mbuga za Usukuma



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya serikali iliyo karibu nasi kuliko zote, nayo ni serikali ya kijiji, ya mtaa na ya wilaya. Vijana wetu wengi waweza kutaja majina ya marais wa nchi za mbali, lakini ukiwauliza mwenyekiti wa mtaa wao ni nani, au ushuru wa soko hutumika kwa kazi gani, hutazamana wakanyamaza. Na wazazi nao aghalabu hawana jawabu. Hali hii haifai. Maana maji tunayotawadhia, njia tunayopita kwenda msikitini, darasa anamokaa mtoto na shamba tulilorithi, yote haya huamuliwa kwanza katika mabaraza madogo kabla hayajafika kwa wakubwa.

Ili tuelewe mambo ya leo, yatupasa tujue yaliyotangulia. Nasi tulio hapa Mirongo, katika mji wa Mwanza, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mafundisho. Nyuma ya mawe makubwa ya mji huu zimetandaa mbuga za Usukuma, nchi ya ng'ombe, mtama na pamba, iendayo kusini na mashariki ya Ziwa Viktoria. Katika mbuga hizo serikali ya wenyeji imegeuzwa sura mara nyingi kwa muda wa miaka mia na zaidi. Mwenye kuitazama historia hiyo ataona swali moja likirudi kila zama: Je, yule mwenye kushika mali na amri ya watu, ni nani awezaye kumwuliza?

Zama za watemi

Kabla ya kuja wageni kutoka Ulaya, Usukuma haukuwa na mfalme mmoja. Kulikuwa na nchi ndogo ndogo zipatazo hamsini, kila moja na mtemi wake. Mtemi alichaguliwa na wazee wa baraza waliojua nasaba na mila, nao waliitwa banang'oma. Chini yake walikuwako banangwa, ambao kila mmoja alisimamia kijiji au sehemu ya nchi. Watu walimlimia mtemi shamba na kujaza ghala yake. Lakini ghala ile ilikuwa ni akiba ya wote, na ilipokuja njaa watu walitazamia kufunguliwa. Mtemi alisadikiwa pia kuwa na jukumu la mvua na baraka ya nchi. Mambo ya mvua sisi twamwachia Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini kwa upande wa utawala ni vema tuangalie jambo hili, kwamba mtemi ambaye nchi yake iliharibika aliweza kuondolewa. Kiti chake hakikuwa cha milele.

Palikuwa na mtu mwingine ambaye wanahistoria wengi humpita haraka, naye ni nsumba ntale, mkuu wa vijana wa kijiji. Huyu hakuupata ukuu wake kwa kuzaliwa. Vijana wenyewe walimchagua, kwa kuwa ni hodari wa kazi na mwenye maneno ya haki. Yeye ndiye aliyewaita watu kwenda kulima kwa pamoja, kujenga nyumba ya jirani au kufuata nyayo za ng'ombe walioibiwa. Aliyekataa kuitikia mwito bila udhuru alitozwa faini, na faini ile ililiwa na wote. Basi katika kijiji cha Msukuma palikuwa na mamlaka mbili: moja iliyoshuka kutoka juu kwa mtemi na mwanangwa wake, na moja iliyopanda kutoka chini kwa watu wenyewe. Hizo mbili zilitazamana na kuzuiana.

Hatusemi kwamba zama zile zilikuwa pepo. Vita vilikuwako, na watumwa walikuwako, na mtemi dhalimu aliweza kudhulumu kwa muda mrefu kabla hajaguswa. Twasema tu kwamba fikira ya kumwuliza mkubwa haikuletwa na wageni. Waliikuta.

Kodi na hazina

Wajerumani walijenga boma lao Mwanza katika miaka ya mwanzo ya 1890. Mwaka 1898 wakaanza kutoza kodi ya nyumba katika koloni yao, na watemi wakawa ndio mikono ya kuikusanya. Mwezi Julai mwaka 1916, katika vita kuu ya kwanza, Waingereza waliuteka mji wa Mwanza, na baada ya vita wakapewa nchi ya Tanganyika chini ya udhamini.

Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alitaka nchi itawaliwe kwa njia ya watawala wa asili. Mwaka 1926 ikatoka sheria ya Serikali za Wenyeji. Kila utemi ulipewa baraza lake la hukumu, na hazina zikaundwa. Sehemu ya kodi ilirudishwa katika hazina hizo, na kutoka humo zililipwa karani, tarishi, mwalimu na mganga. Hapana shaka faida ilikuwako: fedha iliandikwa katika daftari, na matumizi yalijulikana. Wazee wetu husema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Walakini daftari lile lilikaguliwa na nani? Na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, Mwingereza. Ada za zamani ambazo watu walimpelekea mtemi ziliondolewa, na mahali pake akapewa mshahara. Kwa mtazamo wa kwanza hili lilikuwa jambo jema, kwa kuwa mkulima alipunguziwa mzigo. Lakini angalia lililotokea: kabla yake mtemi alikula kutoka mkononi mwa watu, na watu waliweza kuufumba mkono. Sasa alikula kutoka hazina iliyosimamiwa bomani. Alipotaka kudumu katika kiti, ilimpasa kumridhisha Bwana Shauri kwanza. Nsumba ntale, aliyechaguliwa na watu, hakuwa mtu wa mshahara, na sauti yake ikapungua katika mambo ya serikali. Mamlaka ile ya chini ilibaki katika jembe na ngoma, lakini haikuwa na mahali katika daftari.

Umoja wa Malya

Baada ya vita kuu ya pili, watemi wa Usukuma waliunganishwa katika shirikisho moja, makao yake makuu yakiwa Malya, katika wilaya ya Kwimba. Wilaya tano ziliingia humo: Mwanza, Kwimba, Maswa, Shinyanga na Geita. Mwaka 1947 ukaanzishwa mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Ardhi ilikuwa imechoka, ng'ombe walikuwa wengi, na misitu yenye mbung'o ilizuia watu kuhamia mahali papya. Basi yalichimbwa malambo, misitu ikafyekwa, na watu wengi wakavuka upande wa Geita kutafuta mashamba.

Mpango ule ulikuwa na elimu nyingi ndani yake. Mabwana shamba hawakusema uwongo waliposema kuwa udongo hukokotwa na mvua na kwamba matuta huuzuia. Yakaundwa hata mabaraza ya ngazi kwa ngazi, kuanzia vijijini hata Malya. Lakini amri zilitungwa juu, na mabaraza yalitakiwa kuzipitisha. Mkulima aliamriwa alime matuta ya namna fulani, apande mihogo ya eneo fulani, apunguze ng'ombe wake, na akikosa alipelekwa mbele ya mtemi akatozwa faini. Faini hii haikuliwa na kijiji kama ile ya nsumba ntale. Iliingia katika hazina.

Matokeo yake ni kwamba hata jambo la haki lilichukiwa. Mtu aliyelima matuta kwa kuogopa faini, siku aliyoondoka msimamizi aliyaacha. Na watemi, waliokuwa zamani ni ngao ya watu, walionekana kuwa ni fimbo ya boma. Hapo ndipo kiti chao kilipoanza kulegea, miaka mingi kabla ya sheria iliyowaondoa.

Mizani ya pamba

Wakati huo huo, katika masoko ya pamba, watu walikuwa wakijifunza serikali ya namna nyingine. Mkulima alileta pamba yake kwa mnunuzi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi, na anayeisoma ni mnunuzi. Wakulima wakashuku kuwa wanapunjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu wa kusimama sokoni na kupima tena. Kutokana na jambo hilo dogo vikazaliwa vyama vya msingi vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa chama kikuu kilichojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake hapa Mwanza, naye Paul Bomani akiwa katika mstari wa mbele wa kazi hiyo. Kwa muda mfupi chama hicho kikawa mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika.

Twataja habari hii ingawa ushirika si serikali ya wilaya, kwa kuwa ndiyo shule ambamo mkulima wa mbugani alijifunza kuchagua kamati, kusikiliza hesabu ikisomwa na kuuliza. Hakuanza na maneno makubwa ya siasa. Alianza na mizani.

Geita, mwaka 1958

Mwaka 1953 serikali ya Kiingereza ilitoa sheria mpya ya serikali za mitaa. Ilikusudia mabaraza ya wilaya ambamo wangekaa watu wa rangi zote, Waafrika, Waasia na Wazungu. Chama cha TANU, kilichozaliwa mwaka 1954, kilikuwa kimekatazwa kufanya kazi Usukuma, na katazo hilo lilidumu hata mwaka 1958. Basi watu hawakuwa na njia iliyo wazi ya kusema.

Baraza la rangi zote lilipoletwa Geita, watu walilikataa. Msomaji wa leo aweza kustaajabu: kuna ubaya gani watu wa rangi mbalimbali wakikaa pamoja? Ubaya haukuwa katika kukaa pamoja. Uislamu wenyewe haujui ubora wa rangi. Watu wa Geita waliona kuwa wageni wachache watapewa viti vingi kuliko hesabu yao, kwamba wajumbe wanateuliwa badala ya kuchaguliwa, na kwamba wao wenyewe hawakuulizwa. Mwaka 1958 umati mkubwa ulisafiri hata Mwanza kuyapeleka malalamiko yao kwa wakubwa wa jimbo. Wakakaa, wakangoja. Polisi wakawatawanya kwa moshi wa kutoa machozi.

Lakini baraza lile halikusimama. Serikali ililazimika kurudi nyuma, na amri nyingi za mashamba na mifugo zikaachwa. Hapa pana funzo kwa kila mwenye kutawala: baraza laweza kuwa zuri katika karatasi, na likaanguka kwa sababu moja tu, kwamba wale litakalowatawala hawakushirikishwa katika kuliunda.

Mfano wa nchi ya mbali

Yafaa hapa tuvuke bahari kidogo, tuone kama watu wa mbuga nyingine walifanyaje. Katika Kanada kuna jimbo liitwalo Saskatchewan, nchi tambarare ya nyasi na ngano. Wenyeji wa asili walikuwa wamesukumwa katika maeneo yaliyotengwa, na dhuluma hiyo haifai kusahauliwa. Kisha wakaja wakulima wahamiaji kutoka nchi nyingi. Hawakukuta njia wala madaraja, na wakati wa kiangazi moto wa nyika uliteketeza mashamba. Kwa hiyo waliunda wilaya ndogo za kazi, na mtu asiye na fedha aliweza kulipa kodi kwa siku za kutengeneza njia pamoja na farasi wake, au kwa kulima kinga ya moto. Msukuma angeliitambua kazi hiyo mara moja.

Tangu mwaka 1909 wilaya hizo ziligeuzwa kuwa serikali kamili za mitaa ya mashamba. Kwa kawaida kila moja ilipimwa maili 18 kwa maili 18, ikagawanywa sehemu sita. Kila sehemu huchagua diwani mmoja, na wote pamoja humchagua mkuu wa baraza. Zimebaki karibu 300 hata leo. Watu wachache wanaojuana hutoza kodi ya ardhi, hutengeneza njia zao, na hesabu hukaguliwa na kutangazwa. Wanayo matatizo yao, kwa kuwa vijana huhamia mijini na mashamba hununuliwa na wachache. Lakini jambo moja wamelihifadhi: aliyetoa fedha na anayeitumia wanakutana dukani na njiani, na swali laweza kuulizwa ana kwa ana.

Baada ya Uhuru

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1963 sheria iliyowapa machifu mamlaka ya serikali ilifutwa, na kazi ikashikwa na halmashauri za wilaya zilizochaguliwa. Halmashauri hizo zilibeba mzigo mkubwa kuliko mfuko wake: shule za msingi, zahanati, njia na maji, kwa kutegemea kodi ya kichwa na ushuru wa mazao. Wananchi walilalamika, na wengine walilalamikia pia wizi. Mwaka 1969 kodi hiyo na ushuru huo vikaondolewa, na serikali kuu ikachukua kazi kubwa kubwa.

Mwaka 1972 ukaletwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, na halmashauri za wilaya zikavunjwa. Zile za miji zikafuata muda mfupi baadaye. Jina lilikuwa jema, na nia ya kuwasogezea watu maendeleo yaelezwa katika maandishi ya wakati ule. Lakini madaraka yaliyokwenda mikoani yalikwenda kwa maofisa wa serikali kuu. Diwani aliyechaguliwa aliondoka, na ofisa aliyeteuliwa akakaa mahali pake. Kisha mwaka 1974 watu wengi wa mbuga zetu walihamishwa kutoka makazi yao ya mbalimbali wakawekwa katika vijiji vya pamoja, wengine kwa ridhaa na wengine kwa nguvu.

Katika miji taka zilirundikana, mifereji ikaziba, na maradhi ya kipindupindu yakaonekana. Mwaka 1978 ikatoka sheria ya kurudisha mabaraza ya miji. Mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria mbili, Namba 7 ya mamlaka za wilaya na Namba 8 ya mamlaka za miji, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi upya. Katiba nayo, katika ibara ya 145 na ya 146, imeweka wazi kwamba serikali za mitaa zitakuwapo na kwamba shabaha yake ni kuwapa wananchi madaraka.

Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1981 na 1982, watu wa Usukuma na Unyamwezi walifanya jambo ambalo halikuandikwa katika sheria yoyote. Wezi wa ng'ombe walikuwa wamezidi, na silaha zilikuwa mikononi mwa wahalifu. Vijiji vikaunda sungusungu, walinzi wenye pinde na mishale, wenye viongozi wao na mwito wao. Wizi ulipungua, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Ndani yake ilionekana ile mamlaka ya chini ya zamani ikiinuka tena. Walakini palikuwa na sura ya pili ya kuhuzunisha: mahali pengine watu walipigwa bila ushahidi, na vikongwe wakasumbuliwa kwa tuhuma za uchawi. Nguvu ya watu isiyo na sheria hugeuka dhuluma, kama vile sheria isiyo na watu hugeuka karatasi.

Sheria ya leo yampa nani nguvu?

Hapa twaomba msomaji asome kwa makini, maana ndipo lilipo shina la maneno yetu. Katika kijiji cha Tanzania leo, mamlaka kubwa si ya mwenyekiti wala ya mtendaji. Ni ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, wanaume kwa wanawake. Wapaswa kukutana kila miezi mitatu. Mkutano huo huchagua Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25. Mwenyekiti huchaguliwa kwa muda wa miaka mitano. Mtendaji ni mwajiriwa. Uchaguzi wa viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Juu ya kijiji iko kata na diwani wake, na juu ya kata iko halmashauri ya wilaya, ya mji, ya manispaa au ya jiji.

Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba Halmashauri ya Kijiji huisimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji kama mdhamini, na haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Fikirini maana yake. Mwekezaji akija na gari lake na ramani yake, wenye kusema ndiyo au hapana ni watu waliokaa chini ya mwembe. Lakini kama hawakukaa? Kama siku ya mkutano walikuja watu wachache, na katika karatasi ya mahudhurio yakaandikwa majina ya wengi? Basi shamba litakwenda kwa jina lako nawe umelala nyumbani, na utakapokwenda mahakamani utaonyeshwa muhtasari usemao kwamba ulikubali.

Hili ndilo jambo la kuogopwa siku hizi. Babu zetu walinyimwa baraza, wakasafiri hata Mwanza kulidai, wakapigwa moshi. Sisi tumepewa baraza kwa sheria, nasi twaliacha tupu. Mahali pengi mkutano huahirishwa kwa sababu watu hawakutimia, au husomwa taarifa bila hesabu, au haitishwi kabisa mpaka ukaribie uchaguzi. Tangu kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, mkulima amepumzika, naye alistahili kupumzika. Lakini halmashauri nyingi sasa hutegemea sana ruzuku ya serikali kuu, na mtu asiyetoa fedha kwa mkono wake hudhani kuwa fedha ile si yake. Ni yake. Anailipa katika sukari, katika sabuni, katika nauli na katika ushuru wa mazao.

Wajibu wa nyumba ya Mwislamu

Dini yetu imetufundisha kushauriana, na imelifanya jambo la amana kuwa zito. Yasimuliwa kwamba Sayyidna Umar, naye ni khalifa, aliulizwa hadharani na mtu wa kawaida juu ya kitambaa cha nguo aliyovaa, alikipataje kirefu kuliko fungu la wengine. Hakukasirika. Mwanawe alisimama akaeleza kuwa alimpa baba yake fungu lake mwenyewe, na muulizaji akaridhika. Ikiwa khalifa alijibu juu ya kitambaa, mwenyekiti wa mtaa atashindwaje kujibu juu ya mchango wa choo cha shule? Nasi tutaonaje haya kuuliza?

Basi twapendekeza mambo matano, yasiyohitaji elimu kubwa wala fedha:

Kwanza, kila nyumba ijue majina ya mwenyekiti, mtendaji na diwani wake, na watoto wafundishwe tofauti ya kazi zao.

Pili, siku ya mkutano wa kijiji au mtaa iwekwe katika kalenda ya nyumba kama iwekwavyo siku ya arusi. Mkutano ukikaa muda mrefu bila kuitishwa, watu wachache waende kwa adabu kuuliza sababu.

Tatu, kila mchango uchukuliwe stakabadhi, na stakabadhi zihifadhiwe katika bahasha moja. Hesabu za mapato na matumizi za kijiji zapaswa kubandikwa mahali pa wazi; zisipoonekana, ziulizwe mkutanoni, na swali liandikwe katika muhtasari.

Nne, akina mama wasibaki nyuma. Sheria imewapa sauti sawa na waume zao, na wao ndio wajuao kisima kilicho kavu na zahanati isiyo na dawa. Mume mwenye busara atabaki na watoto siku moja ili mkewe ahudhurie.

Tano, kijana aliyejua kusoma hesabu amsaidie mzee kuzielewa. Hiyo ni sadaka. Mpimaji wa pamba wa miaka ya 1950 hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa mtu aliyejua kusoma mizani, akasimama pale ambapo watu walimhitaji.

Labda mtu atasema: hayo ni mambo ya vijijini, sisi wa mjini yatuhusu nini? Mwanza imekuwa jiji tangu mwaka 2000, na mwaka 2012 Ilemela ikapata manispaa yake. Lakini mji nao una mitaa yake na mikutano yake. Mto Mirongo wapita katikati ya nyumba na masoko yetu na kuingia ziwani, ukichukua taka za kila aina, na wakati wa masika maji hupanda na kuwatisha walio kando yake. Samaki tunaokula na maji tunayokunywa hutoka katika ziwa lile lile. Ni nani anayeusafisha mto huu? Ada ya taka inayokusanywa nyumba kwa nyumba hulipa kazi gani? Na sisi wenyewe, ni wangapi kati yetu waliotupa taka humo usiku, kisha wakailaumu serikali asubuhi?

Maswali haya yana mahali pa kuulizwa, nako ni katika mkutano wa mtaa. Anayeuliza na aulize kwa upole, na ajiandae pia kuulizwa, kwa kuwa serikali ya mtaa si ya mwenyekiti peke yake. Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi waaminifu, naye atujaalie sisi kuwa raia tusioacha amana yetu mikononi mwa wengine bila kuitazama.